Gome la Amani na moyo uendao mbio

Reli ya kwanza ya Tanzania Bara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, na kipande chake cha mwanzo kilichofunguliwa kiliishia Pongwe, mwaka 1894. Muheza ikafuata 1896. Leo Pongwe inajulikana kwa mawe ya chokaa, kiwanda cha saruji na malori yanayoelekea Segera. Njia hiyohiyo ya reli, kutoka bandarini kupitia Pongwe hadi Muheza, ndiyo iliyokuwa mlango wa kupandia Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki. Huko Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti wa kilimo na mimea mwaka 1902. Miongoni mwa miti waliyoipanda ulikuwamo mkwinini.

Mkwinini uliletwa kwa ajili ya malaria, na hakuna aliyeufikiria kwa maradhi ya moyo. Thamani yake ilionekana baada ya Novemba 1914, Waingereza walipojaribu kuiteka Tanga kutoka baharini wakapigwa na kurudi melini. Meli za kivita zikaifunga bahari, dawa kutoka Ujerumani zikawa haba, na Amani ikawa inatengeneza kwinini yake yenyewe kwa gome la miti yake. Jeshi la Wajerumani, chini ya kamanda von Lettow-Vorbeck, liliposukumwa kusini, gome kutoka kaskazini lilichemshwa na maji yake kunywewa hivyohivyo. Yalikuwa machungu kupita kiasi, hata Wajerumani wakayapachika jina la pombe kali kwa utani, pamoja na jina la kamanda wao. Mwaka 1916 Waingereza waliichukua Tanga, kisha Amani.

Wakati huohuo, Ulaya, gome la mti huo lilikuwa linafungua ukurasa mwingine. Mwaka 1912 mfanyabiashara mmoja wa Kiholanzi alimwendea Karel Wenckebach, daktari Mholanzi aliyekuwa akifundisha Strasbourg. Mapigo ya moyo ya mfanyabiashara huyo yalikuwa yamevurugika, na daktari akakiri kwamba hana la kufanya. Mgonjwa akamjibu kwamba yeye mwenyewe analo, na kwamba kesho yake atarudi moyo ukiwa umetulia. Akarudi kweli, mapigo yamenyooka. Alikuwa amekunywa gramu moja ya kwinini, jambo aliloligundua alipokuwa akiitumia kwa homa. Wenckebach aliyaandika hayo kitabuni mwaka 1914, na mwaka 1918 Walter Frey akaonyesha kwamba dawa ndugu ya kwinini, inayopatikana katika gome lilelile, ina nguvu zaidi. Hiyo ndiyo kwinidini, iliyotawala tiba ya mapigo yaliyovurugika kwa miongo kadhaa. Kusema kweli Wafaransa walishalinusa jambo hili mapema: Jean-Baptiste de Sénac alilisifia gome hilo kwa mapigo sugu tangu 1749, lakini hakuna aliyemfuatilia.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Kila pigo huanzishwa na umeme mdogo unaotoka juu ya moyo, ukapita katikati kwenye kizuizi kinachouchelewesha kidogo, kisha ukasambaa vyumba vya chini. Wapo watu waliozaliwa na njia ya ziada. Umeme ukiiingia, huzunguka kama treni iliyonaswa kwenye reli ya duara, na moyo hupanda ghafla hadi mapigo 180 au zaidi. Wengine vyumba vyao vya juu hutetemeka ovyo, mapigo yakawa hayana mpangilio. Hatari kuliko zote ni mbio zinazoanzia vyumba vya chini, maana hizo huweza kumwangusha mtu papo hapo.

Pwani yetu ilikuwa na dawa yake nyingine, ingawa ilikaa kwenye podo. Wawindaji wa Afrika Mashariki walipaka mishale sumu ya mimea, na utomvu wa baadhi ya mimea hiyo husimamisha moyo wa mnyama. Katika msafara wa Livingstone kwenye mto Zambezi, ulioanza mwaka 1858, daktari John Kirk aliweka sampuli za sumu iitwayo kombe mfuko mmoja na mswaki wake. Alipopiga mswaki alionja uchungu, akaona mapigo yake yamepungua. Kirk huyu ndiye aliyekuja kuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, mtu wa karibu wa Sultani Barghash. Thomas Fraser wa Edinburgh aliichunguza sumu hiyo akatoa strofantini, na mwaka 1906 Albert Fraenkel akaanza kuwadunga wagonjwa wa moyo dawa hiyo kwenye mshipa. Inatenda kazi kama digoksini, inayotokana na mimea ya jamii ya ule ambao Mwingereza William Withering aliuandikia kitabu mwaka 1785: huupa moyo nguvu ya kukaza na kukipunguzia kasi kile kizuizi cha katikati. Sumu ya mshale imetoka kwenye makabati ya hospitali, ila digoksini bado ipo, na wagonjwa wetu wengi wa moyo uliochoka wanaimeza hadi leo.

Mtu akisoma habari hizi haraka ataona ni hadithi ya ushindi. Mimi naiona kuwa hadithi ya tahadhari. Kwinidini ilinyoosha mapigo, lakini baadhi ya waliokuwa wakiinywa walizimia ghafla, na wengine wakafa, kwa sababu dawa ileile inayotuliza umeme wa moyo huweza kuuchafua vibaya zaidi. Wauguzi wa zamani wa Tanga wanalijua hilo kwa upande wa kwinini yenyewe. Malaria kali ilipotibiwa nayo, dawa haikusukumwa na sindano mara moja. Iliwekwa kwenye dripu ya glukosi ikateremka kwa saa 4, na muuguzi akirudi kila mara kuhesabu matone. Kuiharakisha ni kuuchezea moyo. Pigo kubwa zaidi lilikuja mwaka 1989, utafiti mkubwa wa Marekani ulioitwa CAST ulipoonyesha kwamba dawa mbili za kuzima mapigo ya ziada, walizopewa watu waliowahi kupata shambulio la moyo, ziliongeza vifo. Karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ilikuwa imepambika, mgonjwa yuko kaburini. Tangu hapo madaktari wenye busara hawatibu karatasi.

Katikati ya misukosuko hiyo ndimo zilimopatikana tiba tunazozitegemea sasa. James Black wa Uskochi alitengeneza propranololi miaka ya 1960, dawa inayoziba amri za adrenalini moyoni, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Bernard Lown wa Marekani alionyesha mwaka 1962 jinsi ya kuurudisha moyo kwenye mstari kwa pigo moja la umeme lililopimwa wakati wake. Amiodaroni ilitoka Ubelgiji. Ina nguvu, lakini ikitumika muda mrefu huweza kuharibu tezi la shingo na mapafu. Halafu kuna adenosini, ambayo hudungwa kwa kasi kwenye mshipa wa mkono na kufuatiwa na maji ya chumvi. Kwa sekunde chache mstari wa moyo hulala kabisa, na mgonjwa huhisi kama roho inataka kutoka. Kisha mapigo hurudi, taratibu, na ile mizunguko imekatika.

Kabla ya sindano ipo njia isiyogharimu kitu. Antonio Valsalva, Mtaliano, aliieleza mbinu ya kukaza pumzi mwaka 1704, akiwa anashughulika na masikio. Waingereza waliiboresha, na utafiti wao wa 2015 ulitoa jibu zuri. Mgonjwa hukaa nusu ameegemea, hupuliza bomba la sindano la mililita 10 kwa sekunde 15, kwa nguvu ya kukifanya kipini kisogee tu. Hapohapo hulazwa chali, na miguu yake kunyanyuliwa kwa sekunde 15 nyingine. Kwa njia hiyo wagonjwa 43 katika kila 100 wenye mbio za aina ya mzunguko walitulia, dhidi ya 17 tu kati ya waliopuliza wakabaki wameegemea vilevile. Bomba la sindano lipo katika kila zahanati. Ila zoezi hilo lifanyike mbele ya mtaalamu aliyekwisha kuona ni mbio za aina gani.

Tiba inayong'oa tatizo kabisa ni ya waya. Huingizwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, ikatafutwa ile njia ya ziada, ikachomwa kwa joto. Madaktari walianza kuichoma njia ya umeme kwa waya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hapa kwetu, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, imeingia katika tiba ya mfumo wa umeme wa moyo katika miaka ya karibuni. Kwa mtu wa Pongwe hiyo ni safari ndefu ya basi, na gharama ya malazi juu yake, lakini haihitaji tena pasi ya kusafiria kwenda India.

Hata hivyo wengi wanaofika zahanati wakilalamika kwamba moyo unawaenda mbio hawahitaji waya wowote. Mmoja ana malaria na homa. Mama mjamzito ana upungufu wa damu. Mwingine ana rovu, na homoni za tezi ndizo zinazouchochea moyo. Kumpa mtu wa namna hiyo dawa ya kupunguza mapigo na kumrudisha nyumbani ni kumfunika mgonjwa shuka na kuacha ugonjwa. Kuna kundi jingine la kuogopewa: vijana ambao homa ya baridi yabisi ya utotoni iliwaharibia valvu za moyo. Vyumba vya juu vikianza kutetemeka, damu huganda humo na kipande kikaenda kusababisha kiharusi. Utafiti uitwao INVICTUS, uliotangazwa mwaka 2022 na kuhusisha nchi za Afrika, uliona kwamba kwa wagonjwa hao wafarini, dawa ya zamani inayohitaji damu kupimwa mara kwa mara, ilikuwa bora kuliko rivaroksabani, mojawapo ya dawa mpya. Hapa ndipo penye pengo la kweli wilayani, kwa sababu bila kipimo hicho karibu na nyumbani, wafarini inaweza kumvujisha damu mgonjwa.

Kwa hiyo msomaji, moyo ukienda mbio na ukaambatana na kuzimia, maumivu ya kifua au kukosa pumzi, usisubiri kuche. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, Tanga, au iliyo karibu nawe. Mbio hizo zikiwa za kuja na kuondoka, wahi moyo ukiwa bado unakwenda mbio, uombe kipimo cha ECG saa hiyohiyo, maana ukishatulia karatasi huweza kuonyesha moyo mzima. Karatasi hiyo usiiache hospitalini. Omba nakala, iweke pamoja na kadi yako, uende nayo kila unakotibiwa.