Waumini waliotoka: maswali yao kwa makundi ya dini yanayojimega

SAMBURU inayozungumzwa hapa si kaunti ya wafugaji iliyo kaskazini mwa Kenya. Ni mji mdogo wa Kaunti ya Kwale ulio kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, baina ya Mariakani na Mackinnon Road, katika nchi ya Waduruma. Mtu anayetoka Diani au Msambweni, kwenye minazi na misikiti ya Wadigo, akifika huku hukuta nchi nyingine: nyika kavu, vichaka vya miiba, miji ya watu iliyotawanyika na malisho mapana. Ukristo, Uislamu na mila za kaya vimekaa pamoja hapa kwa muda mrefu, na si ajabu kuvikuta vyote vitatu ndani ya ukoo mmoja.

Makanisa ya kwanza ya sehemu hizi yalitoka kwa wamisionari. Ludwig Krapf na Johannes Rebmann waliweka kituo cha Rabai mwaka 1846, na Wamethodisti wakafungua chao Ribe mwaka 1862. Lakini makanisa mengi yanayoonekana leo katika miji ya barabara kuu hayakuletwa na meli. Yamezaliwa na makanisa mengine. Mhubiri ametofautiana na askofu wake. Mzee wa kanisa amesema ameona maono. Kikundi cha maombi cha Alhamisi kimekua hadi kikapata mweka hazina wake na kibao chake. Huko ndiko kujimega, na Afrika Mashariki inakujua vizuri.

Kujimega si kosa. Mwaka 1968 mtafiti David Barrett, aliyefanya kazi Kenya, alitoa kitabu kuhusu migawanyiko ya makanisa barani Afrika, na akahesabu vikundi vipatavyo 6,000. Vingi havikumdhuru mtu. Kundi la Johera, lililotoka katika kanisa la Kianglikana huko Nyanza mwaka 1957 likiongozwa na Matthew Ajuoga, liliandikishwa kama Kanisa la Kristo katika Afrika na likaendelea na shughuli zake kama kanisa jingine lolote. Wakatoliki, Waanglikana na Wamethodisti wenyewe ni matunda ya mifarakano ya zamani, ijapokuwa si wengi wanaopenda kukumbushwa.

Hatari iko mahali pengine, nayo huonekana kwanza na wale waliomo ndani. Anayejitenga na kanisa kongwe huondoka na imani ya watu: nyimbo wanazozijua, Biblia ileile, cheo cha mchungaji au padri kinachoheshimiwa tangu zamani za babu. Anachokiacha nyuma ni breki. Baraza la wazee, askofu wa juu yake, hesabu zinazosomwa mbele ya waumini, haki ya mshirika kusimama na kuuliza, vyote hivyo hubaki katika nyumba aliyoihama. Muumini aliyemfuata, kisha akatoka, ameishi katika nyumba zote mbili. Ndiyo maana swali lake huwa na uzito kuliko la mtu wa nje.

Chukua Legio Maria, lililotoka katika Kanisa Katoliki miongoni mwa Wajaluo mwaka 1963 chini ya Simeo Ondetto na Gaudencia Aoko. Aoko alikuwa mama kijana aliyefiwa na watoto wake, na mahubiri yake dhidi ya uchawi yaliwavuta maelfu. Hata hivyo, hakukaa. Aliondoka katika miaka hiyohiyo ya sitini, na wanahistoria wengi huhusisha kuondoka kwake na swali la nafasi ya wanawake katika ukuhani wa kanisa ambalo yeye mwenyewe alishiriki kulianzisha. Swali lake halikujibiwa, lakini aliuliza, akaondoka, na uhai wake haukuwa hatarini kwa sababu hiyo. Legio Maria iliweka maaskofu na makadinali wake, ikampata Papa wake, na baada ya Ondetto kufariki mwaka 1991 ikaendelea kuwapo, pamoja na ugomvi wa urithi wa uongozi. Vyeo hivyo, ambavyo watu wa nje huvicheka, ni breki pia.

Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, ni habari nyingine.

Vuguvugu la Kurejesha Amri Kumi za Mungu nalo lilikuwa tawi la Ukatoliki. Liliongozwa na Joseph Kibwetere, aliyekuwa mtu wa heshima katika kanisa na siasa za kwao, pamoja na Credonia Mwerinde, aliyesema anatokewa na Bikira Maria, na Dominic Kataribabo, padri aliyesomea Marekani. Mapadri waliojiunga nalo walisimamishwa na kanisa lao, lakini kwa mwanakijiji kanzu ilikuwa kanzu. Wafuasi waliuza mali zao na kukabidhi fedha. Walifunga. Walikatazwa mazungumzo, wakawasiliana kwa ishara za mikono. Tunaposoma habari za kanuni hiyo ya ukimya huwa tunaitazama kama kituko cha kidini. Athari yake ilikuwa nyepesi kueleweka: watu wasiosema hawawezi kulinganisha mashaka yao.

Mmoja wa mapadri hao, Paul Ikazire, alitoka mwaka 1994 na kurejea katika Kanisa Katoliki. Baada ya maafa aliwaeleza waandishi wa habari kwamba mwenye mamlaka hasa hakuwa Kibwetere bali Mwerinde, na kwamba maono yalikuja yakiwa na amri zinazomfaa mwenye maono. Ushuhuda huo ulikuwapo kwa miaka sita kabla ya moto. Tarehe 31 Desemba 1999, iliyotajwa kuwa mwisho wa dunia, ikapita. Wachunguzi wengi wanaamini kwamba hapo wafuasi walianza kudai mali zao. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa la Kanungu liliteketea likiwa limefungwa na watu wakiwa ndani, na baadaye miili mingine ikafukuliwa katika nyumba za kundi hilo, ikiwamo moja ya Buziga, Kampala. Waliokufa kwa jumla walihesabiwa kuwa zaidi ya 700.

Turudi pwani. Ukitazama ramani, nyika ya Samburu na nyika ya Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ni ukanda mmoja wa ukame unaopita nyuma ya miji ya bahari: ardhi pana, watu wachache, vituo vya polisi mbalimbali. Paul Nthenge Mackenzie, aliyekuwa dereva wa teksi, alianzisha kanisa lake la Good News International mjini Malindi mwaka 2003. Kadiri miaka ilivyopita mafundisho yake yaliikataa shule, kisha hospitali, kisha vitambulisho vya serikali. Alikamatwa mwaka 2017 na tena 2019. Mwaka huo wa 2019 alilifunga kanisa na kuwapeleka wafuasi msituni, ambako hapakuwa na jirani wa kuona nani ameingia na nani hajatoka.

Aliyewahi kuwa msaidizi wake katika kuhubiri alieleza baada ya tukio kwamba alitoka pale mafundisho yalipokuwa ya ajabu mno, na kwamba alipeleka habari polisi. Mackenzie alikamatwa Aprili 2023. Miili iliyofukuliwa ilipita 400, na mingi ilikuwa ya watoto. Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Danson Mungatana iliripoti mwaka huohuo kwamba dalili zilikuwapo mapema na vyombo vya dola vilizembea. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikasema vivyo hivyo mwaka 2024, ikiwalaumu wasimamizi wa usalama wa Malindi. Mwanzoni mwa 2024 Mackenzie na wenzake walishtakiwa kwa makosa ya ugaidi, kuua bila kukusudia, na mauaji ya watoto 191. Walikana.

Kwa nini basi wanaotoka hawasikilizwi? Sababu ya kwanza ni ya kibinadamu. Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na jamaa zake humwona hivyo: ana uchungu, ametapeliwa, anakuza mambo. Kanisa alilolihama mwanzo nalo humpokea kwa jicho la pembeni, maana alikwisha kuliita kanisa lililopoa. Kundi alilolitoka humwita msaliti au Yuda. Anabaki na mlango wa chifu, ambako huulizwa kama ana kielelezo.

Sababu ya pili ni ya kitaalamu, na haifai kudharauliwa. Mwanasosholojia wa Uingereza Bryan Wilson alishikilia kwamba ushahidi wa aliyeiacha imani yake upokewe kwa tahadhari kubwa, kwa kuwa mtu huyo anahitaji kuyaeleza upya maisha yake na hupenda kujiweka upande wa waliodanganywa. Ni hoja nzuri dhidi ya kumhukumu mtu kwa neno moja. Haitoshi kuwa sababu ya kutouliza. Juni 1978 Deborah Layton, aliyekuwa amelikimbia kundi la Jim Jones huko Guyana, aliapa kwa maandishi kwamba wafuasi walikuwa wakifanyishwa mazoezi ya kujiua kwa pamoja. Miezi mitano baadaye, Novemba 18, zaidi ya watu 900 walikufa. Maelezo yake yangeweza kuchunguzwa, kwa maana alitaja mahali, vitendo na watu.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya lawama na swali. Muumini wa zamani anayesema kiongozi wake ni nabii wa uongo anazungumzia imani, na Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 32, inamlinda nabii huyo kama inavyomlinda yeye. Anayesema watoto wa mahali fulani wameacha shule tangu muhula uliopita, au mgonjwa amezuiwa kupelekwa zahanati, au hati ya shamba imekabidhiwa kwa mchungaji, au dada yake alitaka kuondoka akazuiliwa, anataja jambo ambalo ofisa anaweza kulikagua kabla ya jua kutua. Huhitaji kujua theolojia kulipima.

Serikali kwa muda mrefu imelishika jambo hili upande wa makaratasi. Mwaka 2014 uandikishaji wa makanisa mapya ulisimamishwa. Mwaka 2016 kanuni zilizowataka wahubiri wawe na vyeti vya theolojia zilipingwa na viongozi wa dini hadi zikarudishwa. Baada ya Shakahola kikaundwa kikosi kazi chini ya Mchungaji Mutava Musyimi, kilichotoa ripoti yake Julai 2024, na muswada wa mashirika ya dini ukafikishwa Seneti. Cheti kina faida yake, lakini Kataribabo alikuwa na shahada na Mackenzie alikuwa na kanisa lililokuwa wazi mjini kwa miaka mingi.

Hata waliookolewa hawakupokewa kama mashahidi. Juni 2023, watu 65 waliotolewa Shakahola walifikishwa katika mahakama ya Shanzu kwa kosa la kujaribu kujiua, baada ya kukataa chakula. Ilichukua hadi Januari 2025 kwa Mahakama Kuu kutamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu, kilicholifanya jaribio hilo kuwa jinai, kinakwenda kinyume na Katiba. Kwa mtu aliyekuwa akisita kutoka katika kundi kama hilo, habari ya kesi ya Shanzu ilikuwa na ujumbe wake.

Na kundi lililojimega hujimega tena. Julai 2025 wapelelezi walifika Kwa Binzaro, eneo la Chakama, si mbali na Shakahola. Hadi mwisho wa Agosti walikuwa wamefukua miili zaidi ya 30. Upande wa mashtaka ulidai mahakamani kwamba baadhi ya washukiwa walikuwa wafuasi wa mafundisho ya Mackenzie, ambaye wakati huo alikuwa rumande kwa zaidi ya miaka miwili. Aliyefungiwa ni mhubiri. Mafundisho yalikuwa yamepata mwenyeji mwingine.

Katika kaunti ya Kwale, kama kwingineko nchini, taarifa inayomhusu mtoto hupokewa na ofisi ya idara ya watoto au kwa simu ya bure namba 116, na haimlazimu anayepiga kuwa na kielelezo mkononi wala kuwa bado muumini.