Setilaiti Inayojificha: Kulenga Ungo wa Nyumbani Karibu na Ikweta

Setilaiti nyingi zinazorusha televisheni zimepangwa katika mkanda mmoja juu ya Ikweta, kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari. Katika kimo hicho setilaiti huizunguka dunia kwa muda uleule ambao dunia hujizungusha, kwa hiyo kwa mtu aliye chini huwa kama imesimama mahali pamoja. Arthur C. Clarke alieleza faida yake kwa mawasiliano katika jarida la Wireless World mwaka 1945, na mwaka 1964 setilaiti ya Syncom 3 ikawekwa humo. Kila moja hutambulishwa kwa longitudo iliyo chini yake. Matangazo ya Azam TV hupitia digrii 7 mashariki, na ya DStv kwa Afrika Mashariki hupitia digrii 36 mashariki.

Anayefunga ungo hushughulika na vipimo vitatu. Mwelekeo ni upande ambao ungo unatazama, ukihesabiwa kutoka kaskazini kwa kufuata mzunguko wa saa. Mwinuko ni kimo cha setilaiti juu ya upeo wa macho. Msokoto ni kiasi ambacho LNB, kile kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya ungo, kinazungushwa ndani ya kishikizo chake. Maelekezo mengi yanayopatikana kuhusu kazi hii yameandikwa kwa ajili ya nchi zilizo mbali na Ikweta. Kule mwelekeo ndio kazi kubwa, mwinuko hurekebishwa kidogo, na msokoto ni jambo la kumalizia. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala mpangilio huo haufai. Fundi akihangaika mchana kutwa juu ya bati bila kupata kitu, uwezekano mkubwa ni kwamba ungo umeshapita mbele ya setilaiti mara kadhaa. Kilichoificha ni msokoto usio sahihi, au mlingoti ambao haukusimama wima.

Tuanze na setilaiti iliyo karibu na utosi. Kwa mtu wa Dar es Salaam, digrii 36 mashariki ina mwinuko wa takriban digrii 81 na mwelekeo wa 334, yaani kaskazini ikiegemea magharibi. Nairobi mwinuko wake unafika digrii 88, na mwelekeo ni kama 328. Ukivuka mpaka hadi Kampala, setilaiti ileile inakuwa na mwinuko wa digrii 86, lakini mwelekeo unaruka hadi 96, mashariki kabisa. Setilaiti haikusogea. Kampala iko kidogo kaskazini mwa Ikweta na magharibi ya longitudo ile, na kitu kilicho karibu na utosi hubadili upande kwa hatua ndogo ya mtazamaji. Aliyezoea kufunga Nairobi akifika Kampala na dira yake ya zamani kichwani atafunga ungo ukiipa setilaiti mgongo.

Hata hivyo mwelekeo wenyewe hauna uzito mkubwa katika hali hii. Ungo wa sentimita 90 katika bendi ya Ku, yaani masafa yanayopokelewa na ungo wa namna hii, huona eneo la anga lenye upana wa kama digrii 2. Kwenye mwinuko wa 81, kosa la digrii 10 katika mwelekeo hulisogeza jicho la ungo kwa digrii moja na nusu tu angani. Nairobi, kosa hilohilo halifiki hata nusu digrii. Kinachoumiza ni mlingoti. Bomba likiinama digrii 2 kwa upande, pale Dar es Salaam fundi atalazimika kuuzungusha ungo karibu digrii 13 ili kufidia, na kwa kuwa dira inamwambia amekosea, ataurudisha alikoutoa. Nairobi setilaiti iko chini ya digrii 2 kutoka utosini, kwa hiyo bomba lililoinama kiasi hicho linaifanya namba ya mwelekeo isiwe na maana yoyote. Ndiyo maana timazi au pimamaji ni chombo cha kwanza cha kazi hii, kabla ya dira na kabla ya king'amuzi. Bomba lipimwe pande mbili zinazokutana kwa pembe mraba, kisha lipimwe tena baada ya ungo kuning'inizwa, maana uzito wake hulivuta.

Kuhusu mwinuko, ungo wa kawaida wa nyumbani una LNB iliyowekwa chini kidogo ya mstari wa katikati, na huchukua mawimbi yanayoingia kwa pembe ya kama digrii 25 juu ya uso wake. Ndiyo sababu ungo unaotazama mwinuko wa 81 huonekana umelala kwa digrii 56 hivi, na mtu asiyejua atasema umefungwa vibaya. Namba zilizochapwa kwenye bano la nyuma kwa kawaida zimeshazingatia tofauti hiyo, mradi bomba liwe wima.

Sasa tuje kwenye setilaiti iliyo mbali na utosi, maana huko ndiko zinakojificha hasa. Digrii 7 mashariki, kwa Dar es Salaam, ina mwinuko wa 51.7 na mwelekeo wa 280.6: magharibi, ikiegemea kaskazini kidogo. Majirani zake ni digrii 10 mashariki, yenye mwinuko wa 55 na mwelekeo wa 282, na digrii 5 mashariki, yenye mwinuko wa 49.5 na mwelekeo wa 280. Mwelekeo wa zote tatu unatofautiana kwa digrii 2 tu, ilhali mwinuko unashuka kutoka 55 hadi 49.5. Zimepangwa kama ngazi, moja juu ya nyingine.

London hali ni kinyume. Ukihama kutoka digrii 28.2 mashariki, zilipo setilaiti za televisheni ya Sky, hadi digrii 26, unauzungusha ungo digrii 2 na nusu kwa upande, na mwinuko haubadiliki hata digrii moja. Huko ndiko ulikotoka ule mtindo wa kuweka mwinuko, kuukaza, kisha kuuzungusha ungo polepole kushoto na kulia. Pwani yetu, mtindo huo unaupitisha ungo kwa kukatisha ngazi badala ya kuifuata. Mwinuko ukiwa umekosewa kwa digrii 2, ungo unaweza kuzungushwa kutoka Mbagala, kusini mwa jiji, hadi Bunju, kaskazini, bila kuigusa setilaiti unayoitafuta. Njia inayofaa ni kuweka mwelekeo kwanza, kulegeza nati za mwinuko, kuanza juu kidogo, tuseme 60, na kuushusha ungo taratibu hadi 45. Usipopata kitu, sogeza mwelekeo digrii 2 tu, kisha upitishe mwinuko tena.

Lakini hata ukishuka ngazi nzima kwa uangalifu, hutaona kitu ikiwa msokoto ni wa kiwandani. Mawimbi ya setilaiti hurushwa katika mikao miwili inayokatana kwa pembe mraba, wa mlalo na wa wima, ili masafa yaleyale yabebe chaneli mara mbili. King'amuzi huchagua mkao kwa kupeleka umeme wa volti 18 kwenye LNB kwa mlalo, au volti 13 kwa wima. Majina hayo yana ukweli kwa mtu aliye katika longitudo ya setilaiti, lakini sivyo kwa mtu aliye pembeni. Mlalo ni mlalo wa mkanda wa Ikweta, na mkanda huo, ukitazamwa magharibi kutoka Dar es Salaam, unapanda karibu wima. Hesabu inatoa msokoto wa digrii 77 kwa digrii 7 mashariki. Kwa London na setilaiti za Sky hauzidi digrii 20 na kidogo.

LNB ikiachwa kwenye alama ya sifuri, wimbi unalolitaka huingia kwa asilimia 5 tu ya nguvu yake, na lile usilolitaka huingia kwa asilimia 95. King'amuzi kinatafuta chaneli ya mlalo, kinamiminiwa ya wima, hakitambui chochote, na fundi anaendelea kuhangaisha ungo ambao tayari uko mahali pake. Katika makosa yote ya kazi hii, hili ndilo ninalolipa uzito mkubwa zaidi, kwa sababu halionekani kwa macho na halirekebishwi kwa uvumilivu wowote wa kusogeza ungo. Msokoto uwekwe chini, kabla ya kupanda ngazi.

Kuhusu upande wa kuzungusha: simama nyuma ya ungo ukitazama kule ungo unakotazama. Kwa setilaiti ya magharibi ukiwa kusini mwa Ikweta, LNB huzungushwa kinyume cha mwendo wa saa. Kwa ya mashariki, kama ile ya digrii 68.5 inayohitaji msokoto wa 76 kutoka Dar es Salaam, huzungushwa kufuata mwendo wa saa. Digrii 77 upande mmoja ni sawa na 103 upande wa pili, kwa hiyo chagua ule unaoacha tundu la waya likitazama chini au pembeni, mvua isiingie. Mistari iliyochongwa kwenye shingo ya LNB mara nyingi haifiki kiwango hicho; chora wako kwa kalamu ya wino. Baadhi ya setilaiti zenyewe zimewekwa na mwinamo wa digrii chache, hivyo namba ya hesabu ni mahali pa kuanzia, na marekebisho ya mwisho hufanywa kwa kuangalia kipimo cha ubora.

King'amuzi huonyesha vipimo viwili, na kuvichanganya kumewapotezea wengi muda. Nguvu huonyesha tu kwamba LNB inapata umeme na inatoa kelele. Hupanda hata ungo ukitazama ukuta. Ubora huonekana pale tu king'amuzi kinapokamata transponda, yaani kirushio kimoja cha setilaiti, yenye masafa, mkao na kasi uliyoiandikia, na kukamata huchukua sekunde kadhaa. Anayesogeza ungo bila kusita huipita setilaiti kabla king'amuzi hakijaijua. Sogeza kidogo, subiri, tazama. Ubora ukipanda lakini chaneli si zenyewe, umekamata jirani, na hiyo ni habari njema: soma majina ya chaneli, jua uko kwenye ngazi ipi, kisha panda au shuka.

Dira ya simu hudanganywa na mabati na bomba la chuma, kwa hiyo pima ukiwa umesimama mbali navyo, kisha weka alama kwenye ukuta au mti. Kwa mwinuko wa 52, kizuizi chenye urefu wa mita 20 juu ya ungo, mnazi kwa mfano, kinatakiwa kiwe mbali zaidi ya mita 16 upande ule.

Kuna kipimo kingine kisicho na gharama, nacho ni jua. Kwa mtu wa Dar es Salaam, jua hupita nyuma ya mkanda wa setilaiti siku chache baada ya Machi 21 na siku chache kabla ya Septemba 23. Mwishoni mwa Machi, mnamo saa tisa alasiri, huwa sawasawa na digrii 7 mashariki. Kwa dakika chache picha hukatika, kwa kuwa LNB inapokea kelele ya jua pamoja na setilaiti. Katika dakika hizohizo kitu chochote kinachotia kivuli kwenye ungo ndicho kinachoziba setilaiti, na mwanga unaorudishwa na ungo uliolengwa vizuri hukusanyika kwenye uso wa LNB. Mwanga ukikusanyika pembeni yake, umeonyeshwa kosa na upande lilipo.

Baada ya yote hayo, zipo setilaiti ambazo mahali pake panajulikana na bado hazipatikani. Nilesat ya digrii 7 magharibi ina mwinuko wa 36 na mwelekeo wa 276 kutoka Dar es Salaam, tena bila kizuizi mtu hufika kwenye namba hizo kwa urahisi. Lakini miale yake mingi imeelekezwa Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, na ya miale hiyo huku kwetu hufika mabaki tu. Kabla ya kumlaumu fundi, tazama ramani ya miale ya setilaiti husika. Pwani yetu ikiwa nje ya duara la mwisho, kusogeza ungo hakusaidii; kinachobaki ni kuongeza ukubwa wake, na ungo ukikua jicho lake hupungua. Wa sentimita 180 katika bendi ya Ku huona digrii moja tu ya anga, kwa hiyo timazi, mwinuko na msokoto hutakiwa kwa usahihi maradufu ya ule uliotosha kwa wa sentimita 90.