Deki Iliyokwisha Funguliwa Boksi

Januari 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura tano dhidi ya nne, kwamba mtu anayerekodi kipindi cha televisheni nyumbani kwake ili akitazame baadaye havunji sheria. Kampuni za filamu za Universal na Disney zilikuwa zimeishitaki Sony kwa sababu ya Betamax, deki iliyoingia sokoni mwaka 1975. Miezi michache baada ya hukumu hiyo, katika bajeti ya Juni, serikali ya Tanzania iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje bila kuulizwa sana walikozipata. Mambo hayo mawili hayakuhusiana, ila yote yaligusa mashine ileile. Marekani deki ilipata ruhusa ya kurekodi. Tanzania Bara ilipata mlango wa kuingilia, na hapakuwa na kituo hata kimoja cha televisheni cha kurekodi.

Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikaitangulia hata Afrika Kusini iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1976. Bara ilisubiri hadi 1994, vituo vya binafsi vya CTN na ITV vilipoanza. Kabla ya hapo, mkazi wa Dar es Salaam mwenye antena ndefu angeweza kunasa matangazo ya visiwani siku hewa ikiwa nzuri. Kwa mtu wa Dodoma au Mwanza, runinga bila deki ilikuwa pambo la sebuleni.

Ndiyo maana deki ilithaminiwa kupita kiasi, na ndiyo maana wengi hawakungoja mpya. Mabaharia walizileta. Ndugu walioko Oman na Falme za Kiarabu walizituma. Baadaye wafanyabiashara wa Kariakoo na wa Darajani wakaizoea safari ya Dubai, ambako mashine mpya na zilizokwisha tumika ziliuzwa mtaa mmoja. Nyingi zilifika hapa zimeshatoka kwenye boksi lake, nyingine hazina hata rimoti, na bei ilipungua kwa kila kilichokosekana.

Dhamana ya mnunuzi ilikuwa jaribio. Mpaka leo katika maduka ya vifaa vya umeme, muuzaji huchomeka pasi au redio kwenye soketi mbele ya mteja kabla ya kupokea pesa. Kwa deki jaribio lilikuwa refu zaidi, kwa sababu ndani yake mna vitu vingi vinavyozunguka. Fundi alifungua kifuniko cha juu, akaingiza kanda, wote wakainama kutazama. Vijiti viwili viliivuta kanda kutoka kwenye kasha lake na kuizungusha kwenye kichwa, kigudulia cha chuma kinachong'aa, kilichoinamishwa kidogo upande, ambacho katika deki ya VHS ya mfumo wa PAL huzunguka mara 1,500 kwa dakika. Kichwa kikiwa kichafu, picha hujaa chenga. Kikisafishwa kwa spiriti na chenga zikabaki, basi kimelika, na kubadilisha kichwa kunaweza kugharimu nusu ya thamani ya deki. Mpira wa ndani ukilegea, deki inakula kanda. Mnunuzi makini alikwenda na kanda yake mwenyewe, maana ya muuzaji huenda ilirekodiwa na deki hiyohiyo, na deki iliyopotoka husoma vizuri kilichorekodiwa kwa upotofu wake.

Tatizo jingine halikuonekana kwa macho. Deki iliyotengenezwa kwa soko la Japani hutaka umeme wa volti 100 na hutoa picha ya mfumo wa NTSC. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya Afrika Mashariki, inaungua papo hapo. Ukiipatia transfoma, runinga ya PAL isiyoijua NTSC huonyesha picha isiyo na rangi, inayopanda na kushuka. Za Dubai zilipendwa kwa sababu umeme wa huko unakaribiana na wetu, na nyingi zilisoma mifumo yote.

Deki iliyochoka kuliko zote ilitoka kwenye kibanda umiza, yaani chumba cha kuonyeshea filamu kwa kiingilio. Huko ilifanya kazi tangu mchana hadi usiku, filamu za Hong Kong, za Kihindi na za Hollywood zikifuatana. Dar es Salaam ilimpata Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliyesimulia filamu hizo kwa Kiswahili kiasi cha watazamaji kuulizia kanda zenye sauti yake. Kampala nayo ina wasimulizi wake, na VJ Jingo ni miongoni mwa wanaojulikana zaidi. Fundi yeyote angekuambia usinunue deki ya kibandani, hata ikiwa nusu bei.

Stakabadhi za madukani kwetu zimeandikwa kwa muda mrefu kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Biashara ya mtandaoni huko Ulaya ilijengwa juu ya kinyume chake: tangu 2014 sheria ya Umoja wa Ulaya humpa aliyenunua kwa mbali siku 14 za kubadili mawazo. Vinavyorudishwa haviwezi kuuzwa kama vipya, hivyo huuzwa kwa punguzo kama vitu vilivyofunguliwa boksi. Punguzo hilo ni la haki kwa sababu mnunuzi wa pili naye anaweza kurudisha. Kwetu, anayenunua deki iliyotumika kupitia tangazo la simu mara nyingi hana haki hiyo, na jaribio la dukani nalo limemtoka. Hiyo ni hasara mara mbili, na inastahili kusemwa waziwazi.

TiVo, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1999 ikirekodi kwenye diski badala ya kanda, iliongeza mtego mwingine kwa anayenunua mashine iliyotumika. Huduma iliyolipiwa kwa maisha yote ilifungwa kwenye mashine yenyewe badala ya mwenye mashine. Mashine mbili zinazofanana kabisa zingeweza kutofautiana thamani kwa mbali, na kwa macho usijue ipi ni ipi.

Julai 2016 Funai ya Japani, mtengenezaji wa mwisho anayejulikana wa deki za VHS, ilisimamisha uzalishaji. Tangu hapo, karibu kila deki inayotangazwa imeshapita mkono wa mtu. Bado zinatafutwa, kwa sababu kanda za harusi na za taarabu za miaka ya 1980 na 1990 zimo makabatini, na unyevunyevu wa pwani unaziotesha ukungu. Anayetaka kuzihamishia kwenye kompyuta amwombe muuzaji ampigie simu ya video, aingize kanda, aicheze dakika kumi, aisogeze mbele, airudishe nyuma, kisha aitoe na kuielekeza kwenye kamera ili ionekane kama kingo zake zimekunjwa.