Rubi, Jiwe Lililoikwepa Mara

Mchimbaji wa Nyamongo akikutana na mshipa mweupe wa kwatzi hufurahi, kwani dhahabu ya mkoa wa Mara hupenda kujificha humo. Mtafuta rubi angefunga mizigo yake mapema. Rubi ni oksidi ya alumini yenye chembe za kromi, na hizo ndizo zinazoipa wekundu. Alumini ikikuta silika tele, ile ile inayounda kwatzi, huungana nayo yakazaliwa madini mengine, na rubi haipatikani. Kinachomneemesha mmoja kinamfukuza mwenzake.

Kwa hiyo anayekaa kando ya mto Manchira, ambao bwawa lake linanywesha mji wa Mugumu, ana majirani wenye dhahabu huko Tarime, lakini rubi hana budi kuifuata mashariki, ng'ambo ya mbuga ya Serengeti. Miamba ya Mara ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ile ya mashariki, wanayoiita ukanda wa Msumbiji, ilikandamizwa na kupikwa upya miaka milioni 600 hivi iliyopita, mabara yalipogongana. Majina makubwa ya rubi nchini yamo katika ukanda huo: Longido, bonde la Umba, Matombo, Mahenge.

Longido ndiyo iliyotutangulizia sifa, na sifa yenyewe ilikuwa nusu. Mwaka 1949 Mwingereza Tom Blevins aligundua huko mwamba wa kijani wenye mabonge mekundu ya rubi, mengine makubwa ajabu. Macho yalishiba, ila mwanga haukupenya. Jiwe lisilopitisha mwanga halifai kukatwa pande pande likamemeta kwenye pete, kwa hiyo mengi yaliishia kuwa sanamu, vibakuli na shanga, na mafundi wa Idar-Oberstein, Ujerumani, waliyachonga kwa ustadi mkubwa. Mimi nayaona mazuri kuliko pete nyingi. Soko halikuona hivyo, na kwa muda mrefu aliyesikia rubi ya Tanganyika alifikiria pambo la mezani.

Sonara hutazama rangi kwanza. Akitaka nyekundu iliyokolea na kuwaka, huiita damu ya njiwa, jina lililozoeleka kwa mawe ya Mogok, Burma. Huko rubi hulala ndani ya marumaru, mwamba wenye chuma kidogo, na chuma ndicho kinachofifiza ule mwako. Matombo na Mahenge nazo zina marumaru, ndiyo maana rangi ya mawe yake husifiwa. Tatizo lake ni nyufa na ukungu ndani ya jiwe.

Mahenge ina mtego mwingine, spineli, jiwe jekundu linalochimbwa eneo hilo hilo na ambalo si rubi. Mtu asione aibu kunaswa na mtego huo. Jiwe kubwa jekundu lililo mbele ya taji la kifalme la Uingereza, liitwalo rubi ya Black Prince, nalo ni spineli.

Jirani zetu wa Kenya walionja utamu na uchungu wa jiwe hili kwa haraka. Mwaka 1973 Wamarekani John Saul na Elliot Miller walipata rubi Mangare, eneo la Tsavo. Mwaka uliofuata Saul alifukuzwa nchini na mgodi ukachukuliwa. Magazeti ya nje yaliwataja watu wa karibu na Rais Jomo Kenyatta kuwa ndio waliouchukua. Hata hivyo, mgodi bado unajulikana kwa jina la Saul.

Heshima ya Tanzania ilibadilika Winza, wilayani Mpwapwa, mkoani Dodoma. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2007 kijiji kilifurika wachimbaji wadogo, madalali na wanunuzi wa kutoka Thailand na Sri Lanka. Mengi yalikuwa mawe ya kawaida, ila machache yalitoka safi na mekundu kiasi cha kuuzwa bila kuchomwa. Hilo lina uzito, kwani rubi nyingi sokoni zimepitia tanuri ili rangi itulie, na zile dhaifu hujazwa kioo chenye risasi kufunika nyufa. Ya kuchomwa inakubalika ikiwa mnunuzi ameambiwa. Ya kioo ni mali ya bei ndogo, na huharibika hata kwa asidi ya limau jikoni.

Wenye mawe mazuri wa Winza waliona bei ikipanda kadiri jiwe lilivyokwenda mbali na shimo. Maabara za ng'ambo ndizo zilizoandika cheti kinachosema limetoka wapi na kama limechomwa, na bila karatasi hiyo mnunuzi mkubwa hafungui pochi.

Aprili 2022 mjadala wa rubi ulizuka nyumbani, baada ya jiwe liitwalo Burj Alhamal, lililotajwa kuwa rubi ya Tanzania, kuonyeshwa Dubai kwa bei iliyotangazwa ya dola milioni 120. Lilielezwa kuwa na kilo 2.8 na karati 8,400. Karati moja ni gramu 0.2, hivyo kilo 2.8 ni karati 14,000. Wengi walibishana juu ya dola. Mimi ningeanza na mizani.