Komeo Liko Upande Gani wa Mlango?

Katika mijadala yetu kuhusu mikataba ya biashara, Japani hutolewa mara kwa mara kama mfano wa nchi iliyojifungia kwa zaidi ya karne mbili, ikafunguliwa kwa vitisho vya mizinga, kisha ikaendelea. Hoja hiyo huchukulia kwamba mlango una hali mbili tu, wazi na kufungwa. Maseremala wa Japani ya kale walijua zaidi ya hapo. Msamiati wao wa vifungio vya milango unatufundisha kuuliza swali la tatu: ni nani mwenye uwezo wa kuufungua?

Tuanze na kannuki. Huu ni mti mnene wa kukomea lango, unaopitishwa katika vishikio nyuma ya mbao zake mbili. Herufi yake ni mchoro wa kitu chenyewe: mwandishi huandika alama ya lango, kisha hupitisha mstari mmoja katikati yake. Shinbaribo ni fimbo inayoegemezwa nyuma ya mlango wa kuteleza ili usisogee. Saru, neno ambalo maana yake ni kima, ni kipande cha mti kilichoshikizwa kwenye fremu ya mlango ambacho huingia katika tundu la kizingiti. Kinachoshuka huitwa otoshizaru, na kinachopanda huitwa agezaru. Kwa kawaida vyote vitatu hufungwa na kufunguliwa na aliye ndani. Ebijo ni tofauti. Hilo ni kufuli la chuma, lililopewa jina la kamba wa baharini kwa sababu ya umbo lake lililopinda. Kufuli hutawaliwa na mwenye ufunguo, hata kama halali ndani ya nyumba hiyo.

Siasa iliazima maneno yake hapohapo mlangoni. Herufi isomwayo seki au kan ilimaanisha asili yake mti wa kukomea lango. Baadaye ikawa jina la vizuizi vya barabarani, sekisho. Katika enzi ya Tokugawa, kizuizi cha Hakone kililinda hasa mambo mawili: bunduki zisiingizwe Edo, na wanawake wasitoroke humo, kwa kuwa wake wa mabwana wa majimbo waliwekwa mjini kama dhamana ya utii. Herufi hiyohiyo imo leo katika neno zeikan, yaani forodha. Komeo la lango limekuwa ofisi ya serikali.

Neno sakoku, ambalo ndilo tunalolitafsiri kuwa “nchi iliyofungwa”, lina historia ya kushangaza. Amri za kuzuia safari na kufukuza Wareno zilitolewa kati ya mwaka 1633 na 1639. Neno lenyewe lilibuniwa mwaka 1801 na Shizuki Tadao, mfasiri wa Nagasaki, alipokuwa akifasiri insha ya Engelbert Kaempfer, daktari Mjerumani aliyeishi Dejima kuanzia mwaka 1690 hadi 1692. Alichagua herufi ya mnyororo. Watawala walioweka amri zile hawakuwa na neno hilo, na mwenendo wao ulifanana zaidi na komeo kuliko mnyororo: Waholanzi na Wachina walifanya biashara Nagasaki, Wakorea kupitia Tsushima, watu wa Ryukyu kupitia Satsuma, na Waainu kupitia Matsumae. Mlango ulifunguliwa kwa kipimo, na mkono uliofungua ulikuwa ndani.

Sisemi kwamba mkono huo ulikuwa wa haki. Raia walikatazwa kusafiri nje tangu mwaka 1635, na Wakristo waliteswa na kuuawa. Aliye ndani anaweza kukomea mlango ili kumlinda mtoto, au ili kumzuia asikimbie.

Hata hivyo, tazama kilichofuata. Perry alifika na manowari mwaka 1853, na mkataba ukatiwa saini mwaka 1854. Mikataba ya mwaka 1858 iliiondolea Japani mamlaka ya kupanga ushuru wake, na makubaliano ya mwaka 1866 yakaushusha hadi kiasi cha asilimia 5. Nchi ilikuwa na majengo ya forodha, maofisa na mihuri, lakini viwango viliamuliwa pamoja na wageni. Mamlaka kamili ya ushuru ilirejea mwaka 1911, zaidi ya nusu karne baadaye. Wanaosema kwamba Japani ilifunguka ikaendelea huiruka nusu karne hiyo, ambayo serikali yake ilitumia sehemu kubwa kuudai ufunguo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, hasa wewe uliye katika utumishi wa umma, ukiletewa rasimu ya mkataba usiridhike na mjadala wa kufungua au kufunga. Kitafute kifungu kinachosema ni nani anayeweza kubadili viwango, kwa idhini ya nani, na baada ya miaka mingapi. Hapo ndipo komeo lilipo.