Asili ya Jina Manila na Suala la Uasili wa Maneno

Kuhusu asili ya jina la mji mkuu wa Ufilipino, pana maelezo mawili yanayoshindana. Maelezo yaliyoenea zaidi yanadai kuwa Manila ni "may nilad", yaani penye nilad, kichaka kimeacho mikokoni. Maelezo ya pili yanadai kuwa ni "may nila", penye nili. Makala haya yanashikilia kuwa maelezo ya pili ndiyo yenye mashiko.

Hoja ya kwanza ni ya kifonolojia. Wapo wanaodai kuwa Wahispania, walioufanya mji huo makao yao makuu mwaka 1571, ndio walioidondosha /d/. Hata hivyo, Watagalogi wenyewe husema Maynila, ilhali sauti hiyo hawaidondoshi katika maneno kama lakad (mwendo) na bayad (malipo).

Hoja ya pili ni ya kimofolojia. Muundo wa may na nomino unapatikana katika majina mengine ya mahali, kwa mfano Maybunga huko Pasig, kutokana na bunga (tunda).

Huenda ikaulizwa: kwa nini nila, ilhali mmea wa nili una jina la kienyeji, tayum? Neno hilo limezaa jina Tayuman mjini Manila na Tayum katika mkoa wa Abra, kwa wasemaji wa Kiilokano. Jibu ni kuwa ukopaji hausubiri pengo la msamiati. Bamba la shaba la Laguna, la mwaka 900, limeandikwa kwa Kimalei cha kale chenye maneno mengi ya Kisanskriti, lugha iliyozaa nila. Neno hilohilo, kupitia Kiajemi na Kiarabu, ndilo nili ya Kiswahili na añil ya Kihispania.

Yamkini nilad inapendwa kwa kuwa inaupa mji neno lisilo na ugeni. Mjadala huu si mgeni kwetu: wingi wa maneno ya Kiarabu uliwahi kutumiwa kuukana Ubantu wa Kiswahili, na wanaisimu wakajibu kwa kurejelea sarufi. Jibu hilo linafaa hapa pia. Nila ni neno la mkopo, lakini may, na kanuni inayoyaunganisha, ni za Kitagalogi. Hivyo basi, waliouita mji huo Maynila walikuwa wenyeji, na walifanya hivyo kwa lugha yao.