Gari la umeme huchukua saa ngapi kujaa nyumbani?

Waagizaji wa magari ya umeme yaliyotumika kutoka Japani, yanayoshushwa Mombasa au Dar es Salaam, huuliza kwanza ukubwa wa betri. Hiyo ni nusu ya swali. Muda wa kuchaji nyumbani huamuliwa na kile chenye uwezo mdogo zaidi kati ya soketi, waya wa kuchajia na chaja iliyofungwa ndani ya gari.

Chukua Nissan Leaf ya betri ya kilowati-saa 40, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2017. Hizo ni uniti 40 za umeme, zilezile tunazonunua kwa tokeni. Soketi ya ukutani ni ya ampea 13, lakini kwa usalama waya huvuta kama ampea 10 tu. Kwa volti 230 tunapata kilowati 2.3. Gawanya, ongeza umeme unaopotea njiani kama joto: betri tupu itajaa kwa takriban saa 19 au 20.

Ukimwita fundi akufungie kituo cha ukutani cha ampea 32, usidhani muda utapungua kwa theluthi mbili. Leaf nyingi za Japani zina chaja ya ndani ya kilowati 3, hivyo bado utasubiri kama saa 15. Yenye chaja ya kilowati 6 hujaa kwa saa 7 hadi 8. Tofauti hiyo haionekani kwenye picha za tangazo. Muulize muuzaji kabla ya kutuma fedha, maana kubadili chaja baadaye ni gharama. Nyumba yenye fezi tatu haisaidii, kwani gari hili hutumia moja tu.

Betri za zamani za uniti 24 hujaa kwa kama saa 12 kwenye soketi ya kawaida. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, ila Uganda huruhusu magari ya chini ya miaka 15. Betri kuukuu hujaa mapema kwa sababu imepungua uwezo, si kwa sababu ni nzuri.

Kwa safari za mjini, saa 8 za usiku kwenye soketi huingiza umeme wa takriban kilomita 100. Usitumie ekstensheni. Mwaka 2023 Kenya iliweka bei maalumu ya vyombo vya umeme: shilingi 16 kwa uniti, na 8 usiku, kabla ya kodi na tozo.